Ng'ombe Aliyekataliwa na Mzee Masunga

Jesca mwanangu,

Bado nina hasira na wewe, tuanzie hapo. Umetoka saa saba mchana kwenda kusuka, hujaaga, na geti umelibamiza mpaka kuku wamekimbilia kwa jirani. Rasta zako zile ndogo ndogo najua zitachukua saa nne au tano, na huo ndio muda nilio nao. Ukirudi utaikuta barua hii ndani ya begi lako, juu ya mashuka. Chini yake kuna daftari lenye jalada la kijani. Usilifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua utataka kulifungua, lakini nakuomba.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kulala ndani ya chandarua. Hayo nimeyasema tangu ukiwa na miaka mitano, kama hayajaingia basi hayataingia leo. Nataka tuongee habari za kompyuta. Haya, cheka. Mama ambaye mpaka leo anaandika meseji kwa kidole kimoja anataka kukufundisha Excel. Cheka umalize, halafu usome.

Ugomvi wetu wa Jumapili unadhani ulikuwa wa magauni. Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuandika vipimo vya sare za kwaya, watu ishirini na wanane, jina, kifua, kiuno, urefu. Ukaandika vizuri kwenye laptopu, ukachapa karatasi, ukampelekea Mama Zawadi, fundi wetu wa pale Picha ya Ndege. Jumapili asubuhi magauni yakaja. Dada Eliza, mwembamba yule, akavaa gauni ambalo wangeingia wawili na nafasi ikabaki. Mwenyekiti wa kwaya likamkwama mabegani, akabaki mikono juu, ikabidi wamvute watu watatu. Watu walicheka kwanza, halafu wakageuka kumsema fundi. "Fundi gani huyu hata futi hajui kuisoma!" Mama Zawadi alikuwa anaigeuzageuza ile karatasi. "Jamani, mbona nimefuata karatasi?" Na wewe ukasimama pembeni na simu yako, ukasema, "Mimi karatasi nilimpa."

Mimi nilipoiangalia ile karatasi mara moja tu nilijua. Majina yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti, A mpaka Z, yamenyooka. Vipimo vilikuwa bado katika mpangilio ule ule uliowapimia watu, benchi la mbele kwanza. Ulichagua safu ya majina peke yake, ukabonyeza kupanga. Majina yakahama, vipimo vikabaki. Kila mtu akavishwa mwili wa mwenzake.

Nyumbani nilipokwambia, ulinijibu nini? "Mama, si ni gauni tu! Punguza presha. Excel naijua, tumefundishwa chuo." Nikapiga meza, chai ikamwagika, ukaingia chumbani kwako. Tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji. Kesho unaondoka kwenda Vihingo kuanza kazi ya mifugo, kazi ile ile niliyoifanya mimi, wilaya ile ile ya Kisarawe, na nafasi ya kukueleza sijaipata. Nimechoka kukutafuta ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini nilipiga meza.

Miaka mitano iliyopita, wewe ukiwa kidato cha nne, mimi nilikuwa Bibi Mifugo wa kata ya Masaki, huko huko Kisarawe. Unakumbuka nilivyokuwa nakuja hapa Kibaha mwisho wa wiki nanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Lilikuja zoezi la kuvalisha ng'ombe hereni, zile za plastiki za njano zenye namba. Nilizunguka boma hadi boma na vijana wawili wa kukamata ng'ombe. Mimi naandika kwenye daftari: jina la mwenye ng'ombe, kitongoji, namba ya hereni, rangi ya ng'ombe. Kila mstari na ng'ombe wake. Nilipigwa mateke mawili, moja mpaka leo likibadilika hali ya hewa nalisikia kwenye goti.

Ofisini wakanipa laptopu. Nilifundishwa siku moja tu, na mwenzangu aliyekuwa anawahi gari. Nikahamisha daftari lote kwenye kompyuta kwa kidole hiki kimoja, wiki mbili. Lilipokwisha nililiangalia lile jedwali, Jesca, nikajisikia msomi. Bosi akapiga simu: "Orodha naitaka leo, na majina yaende kwa alfabeti." Nikachagua safu ya majina. Nikabonyeza. Kikatokea kiboksi cha swali, kwa Kiingereza: je, ichukue na safu za jirani, au iendelee na hiyo moja tu? Mimi nikaona inanichelewesha. Nikabonyeza iendelee. Majina yakajipanga, yakapendeza. Nikahifadhi, nikatuma, nikafunga. Bosi alinisifu mbele ya kikao, akasema kata zingine zije zijifunze Masaki.

Wewe nawe kile kiboksi kilikutokea. Usinidanganye, lazima kilikutokea. Kompyuta ikikuuliza, maana yake imeona jambo ambalo wewe hujaliona. Soma swali mpaka mwisho, hata kama bosi yuko kwenye simu anapumua. Na kabla ya kupanga chochote, chagua jedwali zima, kuanzia kichwa cha safu ya kwanza mpaka mstari wa mwisho, ili anayehama ahame na vitu vyake vyote. Jambo lenyewe ni hilo tu, halizidi dakika moja. Mimi kwa dakika hiyo moja nilimharibia mtu jina.

Mtu mwenyewe anaitwa Mzee Masunga. Msukuma, alihamia Pwani na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, mrefu, mpole, anaongea polepole mpaka unatamani umsaidie kumaliza sentensi. Siku moja dume jeusi lenye baka jeupe begani liliingia shamba la Bi Mwanahawa pale Masaki. Likakanyaga mihogo michanga, likala na makopa yote ya mihogo aliyokuwa ameanika kwenye jamvi uani. Bi Mwanahawa ni mjane, chakula chake cha miezi kilikuwa kwenye lile jamvi. Vijana wakalikamata dume, wakalifunga ofisi ya kijiji, mtendaji akanipigia. "Bibi Mifugo, njoo na kompyuta yako."

Nilikwenda, nakwambia, nimevaa vizuri. Watu wamejaa. Nikaifungua laptopu juu ya meza, nikasoma namba ya hereni, nikaitafuta kwenye jedwali. Namba hii hapa. Rangi: nyeusi, baka jeupe begani. Sawasawa. Jina: Masunga. Watu wakaguna wote pamoja, "Aaah!"

Mzee Masunga akaitwa. Alifika akaliangalia lile dume, akalizunguka, akasema, "Huyu si wangu."

Mtendaji akasema, "Mzee, namba ni yako."

"Ng'ombe wangu nawajua. Huyu simjui. Twende bomani kwangu mkahesabu, hapungui hata mmoja." Akanigeukia mimi. "Mama, wewe ulikuja kwangu, ulikunywa maziwa. Huyu ulimwona kwangu?"

Bomani kwake ni mbali, na jua lilikuwa kali. Na mimi, Jesca, hata sikukumbuka ng'ombe gani nilimwona wapi, ng'ombe mia mbili na kitu wote walinipiga mavumbi sawasawa. Ningesema hivyo ingetosha. Ningesema tu, "Mzee, sikumbuki, twende tukahesabu." Lakini watu walikuwa wananiangalia. Nikamjibu kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie: "Mzee, kompyuta haina undugu na mtu."

Watu walicheka. Wakapiga na makofi. Yeye hakucheka, akainamisha kichwa. Wazee wa kijiji wakaamua amlipe Bi Mwanahawa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mzee Masunga alikwenda, akarudi na mtamba mzuri, mwekundu, akamfunga kwa Bi Mwanahawa. Mtendaji akamwambia, "Haya sasa, chukua dume lako uende nalo." Akasema, "Mtamba nimetoa kwa sababu mmeniambia nitoe, na huyu mama amepoteza chakula. Dume silichukui. Ng'ombe wa mtu siwezi kwenda naye kwangu."

Wakamwona jeuri. Dume likabaki limefungwa pale ofisini siku mbili, linalia. Siku ya tatu asubuhi halipo. Kamba haikukatwa, ilifunguliwa vizuri na kuzungushwa kwenye mti.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Mwongo gani anakataa dume la bure? Nikajifungia ofisini, nikatoa daftari la kijani, nikaweka kidole kwenye namba ile. Jina la mwenyewe lilikuwa Maganga. Nikashuka mstari wa pili, jina silo. Wa tatu, silo. Nilikwenda mpaka mwisho wa ukurasa. Ng'ombe wote wa Masaki walikuwa na wenyewe wasio wao. Na Maganga, mwanangu, alikuwepo mkutanoni siku ile, amekaa mbele kabisa, na makofi alipiga.

Nilijaribu kurudisha. Nilibonyeza kile kishale cha kurudi nyuma mpaka kidole kikauma, lakini faili ukishalifunga, kompyuta haikumbuki ulichofanya jana. Nakala nyingine sikuwa nayo. Kwa hiyo nisikilize: ukimaliza kuandika orodha yako ya kwanza, ile uliyoitoa kwenye daftari, itunze peke yake kwenye faili lake, uiandike "ASILI", na usiiguse tena hata kwa kuipendezesha. Chezea nakala. Nakala nayo ipe jina na tarehe. Sisi tulikuwa na faili linaitwa "orodha mpya", likaja "orodha mpya 2", halafu "orodha ya mwisho", halafu "orodha ya mwisho kabisa". Mpaka leo hakuna anayejua mwisho wenyewe ni upi. Upuuzi mtupu!

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalizie hasira zangu zote hapa. Namba za hereni zinazoanza na sifuri, kompyuta inazikata zile sifuri kwa kudhani inakusaidia, kwa hiyo iambie kabla hujaandika kwamba safu ile ni maandishi, si hesabu. Jina la mtu liandike kwa namna moja siku zote. Mimi niliandika Masunga, Mzee Masunga, na M. Masunga, nikajikuta nina watu watatu na mzee mmoja. Usiunganishe visanduku viwili viwe kimoja eti kichwa cha habari kipendeze, siku ya kupanga vitakugomea. Kila kitu na kisanduku chake: rangi peke yake, kitongoji peke yake. Ukitaka kuona wa Vihingo tu, chuja, usifute wengine. Na mara zote, mara zote Jesca, ukimaliza chagua mistari mitano popote, fungua daftari, linganisha kwa macho yako. Ningefanya hivyo mimi kwa mistari mitano tu ningeona. Mmoja tu ungetosha.

Utasema, sasa Mama, ulipojua ulifanya nini?

Sikufanya kitu.

Uhamisho wangu wa kuja Kibaha ulikuwa mezani. Nilikuwa nimesifiwa kikaoni. Nikajiambia nitarekebisha kimya kimya, nikaandika upya mistari kama thelathini, macho yakauma, nikaacha. Nikajiambia mtamba mmoja hamfilisi mtu mwenye ng'ombe arobaini. Nikajiambia na Maganga naye si anajua, kwa nini asiseme yeye? Tukikutana njiani, mimi na Maganga tulikuwa tunasalimiana vizuri sana. Barua ya uhamisho ikaja, nikakabidhi laptopu pamoja na faili lake, nikasaini kwamba kumbukumbu zote ziko sawa. Daftari nikaondoka nalo. Niliogopa atakayelifungua.

Mzee Masunga alianza kuitwa majina. Maziwa yake watu wakaacha kununua, eti mtu anayekana ng'ombe wake hashindwi kuweka maji. Binti yake alikuwa ameshaposwa pale Masaki, wale jamaa wakarudi nyuma. Mwisho akahama na boma lake lote. Nilisikia haya nikiwa hapa Kibaha, kwa simu, na mtu aliyenisimulia alikuwa anacheka. Nikacheka naye, Jesca. Mama yako alicheka.

Sasa uliza amehamia wapi. Amehamia Vihingo.

Barua yako ya ajira ilipokuja, wewe ukaruka ruka humu ndani ukipiga vigelegele, mimi nikaenda kukaa chooni. Umedhani nilikuwa nalia kwa furaha. Boma la Mzee Masunga ni la kwako kulihudumia sasa. Utafika, utamwamkia, ataitikia taratibu, na kabla hajakupa kigoda atakuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Kule kila mtu anauliza hivyo. Na wewe utalitaja jina langu kwa raha zako zote. Sikutaka ulitaje hujui.

Ndiyo maana Jumapili nilipiga meza. Nilipomwona Mama Zawadi anaigeuzageuza karatasi yako, nilimwona Mzee Masunga analizunguka lile dume. Na ukae ukijua kilichoniuma zaidi. Pale kanisani, mimi nilishajua kosa ni lako, na sikusema. Nilimwacha mama wa watu atukanwe, nikangoja tufike nyumbani ndipo nikufokee wewe sirini. Kunyamaza huko umenikuta nako, hukukuvumbua wewe. Kwa hiyo hasira nyingine niliyokumwagia haikuwa yako, nisamehe. Iliyobaki ni yako kabisa, hiyo siiombei msamaha.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Nikuwekee daftari begini, nikueleze kwa barua, halafu wewe ukifika uandike orodha upya kutoka kwenye daftari, uipeleke Masaki, umtafute mzee, umwambie mama yangu alikosea. Nimelipanga hili tangu juzi. Hata maneno ya kumwambia nilikuwa nimekutafutia.

Nimeinuka kidogo kuanua nguo, mawingu yanakuja. Nimerudi nikasoma nilichoandika kuanzia juu, na nimejionea aibu. Hebu niangalie. Namtuma mtoto wa miaka ishirini na mbili, wiki yake ya kwanza kazini, akanibebee aibu yangu kwa mzee wa watu. Nimekaa miaka mitano na daftari juu ya kabati, na akili yote niliyoipata ni kulihamishia kwenye begi la mwanangu. Maganga angefanya hivi hivi.

Basi. Nimempigia bosi wangu sasa hivi, nimeomba siku tatu. Ameuliza za nini, nimemwambia kuna kazi niliiacha haijakamilika Kisarawe. Ameuliza kazi gani, nikamwambia, "Nikirudi nitakueleza, na itabidi uandike." Kesho tunapanda wote hadi Mlandizi, tunachukua bodaboda mbili, tunaingia Vihingo. Wewe utaripoti ofisini kwako kama mtu mzima. Mimi nitakwenda bomani. Sijui atanipokea vipi. Anaweza kunifukuza, na atakuwa na haki. Nitamwomba twende wote Masaki, mkutano uitishwe, na yale niliyoyasema kwa sauti ili wa nyuma wasikie, niyafute kwa sauti ile ile. Kazini wakinichukulia hatua, wanichukulie. Sijui kama posa ya yule binti ilikuja nyingine. Hilo siwezi kulirudisha, na linaniuma kuliko goti.

Lakini gari haliondoki kabla ya saa nne, na Mama Zawadi anafungua saa mbili. Tutapita kwake. Hapo msemaji ni wewe, mimi nitasimama tu nyuma yako. Mwenyekiti wa kwaya nimeshamwambia naye aje.

Nasikia geti. Safari hii umelifunga taratibu, sijui ni hasira zimeisha au ni kichwa kinauma kwa rasta. Mwanzo wa barua nimekwambia kuna daftari chini ya karatasi hizi. Sitaandika upya mwanzo, acha uone nilivyokuwa nimepanga kukufanyia. Ila usilitafute. Nimelitoa begini kwako, liko kwenye mkoba wangu.

Mama yako